Shule jirani za Kigali: majengo yanapozeeka, maabara, uwanja na walimu hugawanwaje?

Mwanafunzi wa sekondari anayeishi Biryogo, Rwezamenyo au Kimisagara huenda akapita mbele ya lango la shule mbili au tatu kabla ya kuifikia yake. Kila shule ina ua wake, mlinzi wake na kengele yake. Hata hivyo, shida zilizo nyuma ya kuta hizo hufanana: madarasa yaliyojaa, paa zilizochakaa, na maabara moja inayogombewa na mamia ya wanafunzi. Makala haya yanaeleza chanzo cha hali hiyo katika mji mkuu wa Rwanda, mambo ambayo shule jirani zinaweza kusaidiana, na mahali ambapo ushirikiano huo hukwama.

Jiji lililokua kuliko shule zake

Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt ikiwa kituo kidogo cha utawala. Ilipofanywa mji mkuu baada ya uhuru wa mwaka 1962, bado ilikuwa mji wa watu wachache uliokaa juu ya kilima cha Nyarugenge na pembezoni mwake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 1,745,555 katika wilaya tatu za jiji hilo, yaani Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro. Miaka kumi kabla ya hapo, idadi ilikuwa zaidi kidogo ya milioni 1.1.

Ongezeko hilo halikuenda sambamba na ardhi. Kigali ni mji wa vilima. Sehemu za mabondeni ni ardhi oevu inayolindwa kisheria, na miteremko mingi ni mikali mno kwa ujenzi wa bei nafuu. Shule iliyopewa kiwanja miaka 50 iliyopita, wakati jirani zake walikuwa mashamba na migomba, leo imezungukwa na nyumba pande zote. Ikihitaji madarasa mapya, ina njia mbili tu: kujenga kwenda juu, au kula sehemu ya uwanja wa michezo.

Majengo ya zama tatu

Shule za sekondari za Kigali zinaweza kugawanywa kwa umri wa majengo yake.

Kundi la kwanza ni la shule zilizoanzishwa kabla ya uhuru au katika miongo ya mwanzo baada yake, nyingi zikiwa chini ya makanisa na mashirika ya dini. Collège Saint André ya Nyamirambo, ambayo mizizi yake ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ni mfano unaojulikana. Lycée de Kigali ni ya miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilifuata shule ya sekondari ya kisayansi ya Kiislamu, ESSI Nyamirambo, iliyojengwa pamoja na Kituo cha Utamaduni wa Kiislamu kwa msaada wa Libya.

Kundi la pili ni la shule za kutwa zilizozaliwa na mageuzi ya miaka ya 2000. Mwaka 2009 Rwanda ilianza kutekeleza elimu ya msingi ya miaka 9 bila ada, na mwaka 2012 mpango huo ukapanuliwa kufikia miaka 12. Shule nyingi za msingi ziliongezewa madarasa ya sekondari katika ua uleule, na ndiyo maana majina yake huanza kwa maneno Groupe Scolaire. Wananchi walifyatua matofali, wakabeba mawe na kusomba mchanga siku za umuganda, ili fedha za serikali zielekezwe kwenye mabati, saruji na mafundi. Mwaka 2012 mpango huo ulipata tuzo ya Jumuiya ya Madola ya mbinu bora katika elimu. Lakini jengo lililosimamishwa kwa haraka huhitaji matunzo mapema, na shule iliyowekwa ndani ya ua wa shule nyingine huanza maisha yake ikiwa tayari imebanwa.

Kundi la tatu ni la majengo ya mwaka 2020 na kuendelea. Shule zilifungwa mwezi Machi mwaka huo kwa sababu ya janga la korona. Serikali, kwa ushirikiano na Benki ya Dunia, ilitumia kipindi hicho kuanzisha ujenzi wa madarasa 22,505 nchi nzima, pamoja na maelfu ya vyoo. Shabaha ilikuwa kupunguza msongamano na kufupisha safari za watoto kwenda shule. Kutokana na uhaba wa ardhi, baadhi ya madarasa ya Kigali yalijengwa kwa ghorofa.

Kipimo kinachotumiwa na Wizara ya Elimu ni wanafunzi 46 katika darasa moja. Ni idadi inayoruhusu madawati 23 ya watu wawili wawili na njia ya mwalimu kupita katikati. Idadi hiyo ikizidi, wa tatu huketi pembeni mwa dawati, daftari likiwa juu ya goti, na mwalimu hawezi tena kumfikia aliye nyuma.

Paa kama suala la afya

Uzee wa jengo si jambo la sura tu. Baadhi ya majengo ya zamani ya Rwanda, yakiwemo ya shule, yaliezekwa kwa asbesto, aina ya vigae vya saruji vilivyochanganywa na nyuzi za madini. Vigae hivyo vikiwa vizima, nyuzi hubaki zimeshikwa ndani yake. Vikipasuka, kutobolewa au kusagika kwa uzee, nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho huingia mapafuni na zinaweza kuleta maradhi makubwa, ikiwemo saratani, miaka mingi baadaye. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, Mamlaka ya Nyumba ya Rwanda imekuwa ikisimamia kazi ya kuziondoa paa hizo nchini kote.

Kazi hiyo haifanywi na fundi wa mtaani. Inahitaji watu waliofunzwa, mavazi maalumu na mahali salama pa kufukia taka, na haifai kufanywa wanafunzi wakiwa chini ya paa. Likizo isipotosha, shule hulazimika kuwapeleka wanafunzi wake mahali pengine kwa muda, na mahali pa karibu zaidi kwa kawaida ni kwa jirani.

Paa za mabati nazo zina kero yake. Mvua kubwa za Machi hadi Mei zinapopiga bati lisilo na dari, sauti ya mwalimu humezwa na somo husimama. Dari ni gharama ambayo mara nyingi huahirishwa mwaka hadi mwaka.

Jirani hugawana nini?

Ushirikiano unaoonekana zaidi ni ule wa mitihani. Shule isiyokuwa kituo cha mtihani wa taifa hupeleka watahiniwa wake katika kituo cha jirani, chini ya utaratibu wa NESA, mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule iliyoundwa mwaka 2020. Kwa siku kadhaa, sare za rangi mbili au tatu huketi katika ukumbi mmoja.

La pili ni uwanja. Shule iliyojenga madarasa juu ya uwanja wake hulazimika kuomba wa mwenzake kwa kipindi cha michezo. Ukumbi wa Lycée de Kigali, kwa mfano, umetumika hata kwa mashindano ya kitaifa ya mpira wa kikapu.

La tatu ni ujuzi. Wakuu wa shule za umurenge mmoja, yaani tarafa, hukutana kujadili matatizo ya pamoja. Chuo Kikuu cha Rwanda, kupitia kitivo chake cha elimu, kimeshirikiana na shirika la VVOB la Ubelgiji kuwafunza wakuu hao uongozi na namna ya kujifunza wao kwa wao. Walimu wa somo moja nao wana vikundi vya kubadilishana mbinu. Faida ya mikutano hiyo ni kubwa pale ambapo shule ina mwalimu mmoja tu wa fizikia, asiye na mwenzake wa kumuuliza ndani ya ua wake.

La nne, na gumu kuliko yote, ni maabara. Wanafunzi wa masomo ya sayansi katika mwaka wa 6 wa sekondari hupimwa pia kwa vitendo. Aliyesoma kemia kwa ubao peke yake hukutana na bureti na pipeti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, huku mwenzake aliyelelewa na maabara akizitumia kwa mazoea. Wote wawili husahihishwa kwa kipimo kimoja, na alama hizo ndizo huamua nani atasomea uhandisi au udaktari. Ndiyo maana suala la nani ataingia katika maabara ya jirani, na kwa saa ngapi kwa wiki, si jambo dogo.

Kwa nini ushirikiano hukwama?

Sababu ya kwanza ni ratiba. Shule mbili haziwezi kugawana chumba kama vipindi vyao vya kemia vinaangukia saa moja. Ni lazima ratiba zipangwe pamoja kabla ya muhula kuanza. Aidha, kwenda na kurudi huchukua muda, na dakika 20 za kupanda kilima na 20 za kushuka humaliza kipindi kizima. Kwa hiyo ziara moja ndefu ya wiki mbili mara moja, yenye vipindi viwili vilivyounganishwa, hufaa kuliko ziara fupi za kila wiki.

Sababu ya pili ni gharama. Kemikali huisha na vyombo vya kioo huvunjika. Mwaka 2022 serikali iliweka kiwango kimoja cha michango ya wazazi katika shule za umma na zile zinazosaidiwa na serikali: faranga 19,500 kwa muhula kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, na faranga 85,000 kwa wa bweni. Uamuzi huo uliwapunguzia wazazi mzigo, lakini pia ulizipunguzia shule uwezo wa kujitafutia fedha za matengenezo. Shule yenye maabara itauliza, kwa haki, nani atalipia bureti iliyovunjwa na mgeni. Makubaliano yasipoandikwa mapema, bureti moja hutosha kufunga mlango.

Sababu ya tatu ni umiliki. Shule ya serikali, shule ya kanisa au ya Waislamu inayosaidiwa na serikali, na shule ya binafsi zinaweza kupakana ukuta kwa ukuta huku kila moja ikiwajibika kwa mamlaka tofauti. Mkuu wa shule anaweza kuwa tayari kushirikiana, lakini jengo si lake.

Sababu ya nne ni ushindani. Matokeo ya mitihani hulinganishwa, na wazazi huchagua shule kwa kuyatazama. Anayempa jirani maabara yake anamsaidia pia mshindani wake.

Hali hii si ya Rwanda pekee. Uganda ilianza sekondari ya bure kwa wote mwaka 2007, Tanzania ikafuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na Kenya ikaanza kutekeleza mwaka 2018 sera ya kila mhitimu wa msingi kuingia sekondari. Katika kila nchi, watoto waliwahi shuleni kabla ya madarasa kuwa tayari.

Wasemaji wa Kiswahili na ukuta wa shule

Kwa familia za Biryogo na Nyamirambo, suala hili lina historia ndefu zaidi. Wafanyabiashara na askari waliotoka pwani walileta Kiswahili na Uislamu Kigali wakati wa utawala wa Wajerumani, na msikiti wa kwanza wa jiji hilo ulijengwa mwaka 1913. Chini ya Wabelgiji, Waislamu wa mjini walitengewa makazi yao, yaliyojulikana kama kambi ya Waswahili. Shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazazi wengi waliwazuia watoto wao kwa hofu ya kubatizwa. Vizazi kadhaa vilikosa elimu ya sekondari ilhali shule zilikuwa mtaa wa pili.

Leo malango hayo yako wazi kwa wote. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu sheria ya mwaka 2017, na hufundishwa katika shule za sekondari. Somo hilo halihitaji maabara wala paa jipya, na mwalimu mmoja mwenye umahiri anaweza kuwanufaisha wanafunzi wa shule mbili zilizo kilima kimoja ratiba zikipangwa pamoja.

Mzazi aanzie wapi?

Mkutano mkuu wa wazazi ndicho chombo cha kuwasilisha hoja hizi. Mzazi anaweza kuuliza mambo matatu yaliyo wazi. Mtoto wa sayansi huingia maabara mara ngapi kwa muhula, na ikiwa shule haina, imeomba kwa jirani yupi? Paa la shule ni la aina gani, na limekaguliwa lini? Kama kuna makubaliano na shule jirani, yameandikwa, na yanasema nani atalipia kinachovunjika? Shule ikikosa jibu, hatua inayofuata ni ofisi ya elimu ya tarafa, ambayo inazifahamu shule zote za eneo lake, na ambayo inaweza kuwaita wakuu wawili kuketi meza moja kabla ya ratiba ya muhula kubandikwa.