Mahali pa Kitabu na Mahali pa Watu

Maji ya Luama, hapa Kabambare, huingia Lualaba, hupita karibu na Kasongo, hata Kisangani. Mwaka 1890 alifika Kisangani, kwa meli ya moshi, baharia Mpolandi, Joseph Conrad. Mwaka 1899 alitoa hadithi yake, Heart of Darkness: mto mkubwa, na mwisho wake kituo cha giza. Tangu hapo wageni wamekuja kulitafuta giza lile. Lakini kitabuni hakuna Mwafrika hata mmoja aliyetajwa jina. Huko kwenye maporomoko Wagenia huvua samaki kwa vikapu vikubwa vilivyofungwa kwenye miti. Ukifika, waamkie, uwaulize majina yao. Mungu naye humwita kila mtu kwa jina lake.