Redio Okapi: mnara ulilindwa, mwandishi je?



Kila tukizungumzia kulinda habari, elimu na utamaduni wakati wa vita, watu hukimbilia kutaja mikataba. Mie nina swali moja tu: mkataba unamlinda nani?

Tuitazame Kongo. Redio Okapi ilianza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002, siku ile ile Wakongo walipokaa mezani Sun City, Afrika Kusini. Nchi ilikuwa vipande vipande, na redio nyingi zilisema alichotaka mwenye bunduki wa eneo lake. Umoja wa Mataifa ukashirikiana na shirika la Hirondelle la Uswisi, habari zikasikika kwa Kifaransa na lugha 4 za taifa, Kiswahili kikiwemo. Mtu wa Bukavu na mtu wa Kinshasa wakaanza kusikia habari moja. Hapo ushirikiano wa kimataifa ulifanya kazi, tusibishe.

Desemba 2006 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1738 la kuwalinda waandishi vitani. Haikutimia miezi 6. Tarehe 13 Juni 2007 Serge Maheshe wa Okapi akapigwa risasi Bukavu, akiwa anataka kupanda gari lenye alama za UN. Novemba 2008, mji ule ule, mwenzake Didace Namujimbo naye akauawa karibu na kwake. Kesi zikaenda mahakama ya kijeshi, na watetezi wa waandishi wakalalamika kwamba ukweli wote haukutafutwa.

Basi hoja yangu ndiyo hiyo: redio ilipata walinzi, mwandishi akarudi kwake usiku peke yake.

Mtasema, sisi tulio Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu, bwana. Louisville, Columbus na Buffalo zimepokea Wakongo wengi waliokimbia vita hivyo. Kwa mtu wa Bukavu anayeishi Buffalo, habari za Okapi ni habari za mama yake. M23 walipoiteka Goma Januari 2025, kisha Bukavu Februari, ndio alizidi kuzihitaji.

Hawa majirani zetu ni mashahidi. Sisi wasomi tusiishie kuwauliza methali. Tuandike kumbukumbu zao kwa Kiswahili chao wenyewe, nakala zikae nchi zaidi ya moja, na wenye kura wawabane wabunge wao kuhusu kesi hizi. Muuaji hupenda mwandishi asiyejulikana na mtu. Maheshe na Namujimbo tuwataje kwa majina.