Kipimo cha Mama: Historia ya Vazi la Kiangazi Njombe na Makambako

Wanahistoria wa nchi yetu wameandika mengi juu ya vita, kodi, mashamba na vyama, na wameandika machache mno juu ya nguo. Hata hao wachache walioandika juu ya nguo wametazama zaidi nguo za sherehe: joho la sultani, kanzu ya mwanachuoni, au kanga ya bibi arusi. Vazi la kila siku la mama wa kawaida limeachwa kando, kana kwamba halina historia. Mama ninayemkusudia ni yule aliyekwisha kuzaa, ambaye tumbo lake si lile la usichana, nyonga zake zimetanuka, na mgongo wake hubeba mtoto asubuhi na mzigo jioni. Mama huyu anataka nguo ya kumsitiri, ya kumpendeza, na isiyomzuia kufanya kazi. Katika insha hii nataka kuonyesha ya kuwa, kwa muda wa karne moja na nusu, swali lake limekuwa moja tu: je, nguo ndiyo itakayofuata mwili wake, au mwili ndio utakaolazimishwa kuifuata nguo?

Nimechagua Njombe na Makambako kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hali ya hewa. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako, ulio umbali wa kilometa 60 hivi kutoka hapo, umezidi mita 1,600. Mtu wa pwani asikiapo neno kiangazi hufikiri joto na nguo nyepesi. Katika nyanda hizi kiangazi huanza kwa baridi kali ya Juni na Julai, umande ukiwa mweupe majanini; jua la adhuhuri huchoma, na upepo wa Makambako hupeperusha vumbi na pindo za nguo pamoja. Joto lenyewe huja Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Basi vazi la kiangazi huko halina budi kuwa la tabaka: liweze kuongezwa alfajiri, kupunguzwa mchana, na kurudishwa jioni. Sababu ya pili ni njia. Makambako ni njia panda, na mengi yaliyoifikia Njombe kutoka pwani katika miaka hamsini iliyopita yamepita hapo.

Tuanze na kipimo cha kale. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19, nguo zilizoingia bara zilikuwa hasa merikani, yaani nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iliyoitwa kwa jina la Marekani ilikofumwa, na kaniki, iliyotiwa rangi ya buluu iliyoiva. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said uliistawisha sana biashara ya merikani, hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoidhoofisha, nafasi yake ikachukuliwa na nguo za Uingereza na Bombay. Lakini lililo muhimu kwetu ni jinsi nguo hizo zilivyopimwa. Mikono minne ilikuwa shuka. Shuka mbili zilikuwa doti. Mkono wenyewe ni urefu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Yaani kipimo kilitoka katika mwili wa mwanadamu, na nguo iliyopimwa hivyo haikushonwa, bali ilifungwa. Aliyekonda aliizungusha zaidi, aliyenenepa aliizungusha kidogo, na mjamzito aliilegeza mwezi baada ya mwezi. Nguo ileile moja ilimtumikia mwanamke mmoja katika miili yake yote.

Kanga ilirithi hekima hiyo. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 wanawake wa Unguja walinunua leso za Kireno zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi lisilokuwapo kabla. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mfano huo. Kanga ikapata mji wake, pindo zake, na baadaye jina lake. Baada ya utumwa kukomeshwa Unguja mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliziepuka merikani na kaniki, kwa kuwa zilikuwa sare ya utumwa, wakajivika kanga za rangi. Kwa hiyo kanga ilianza ikiwa tangazo la heshima. Lakini ilidumu kwa kuwa ilikuwa ya manufaa. Upande mmoja ulifungwa kiunoni na wa pili ukatanda kichwa na mabega. Upande huohuo ukawa mbeleko, kitambaa cha kufunga tumbo baada ya uzazi, shuka ya mtoto na kivuli juani. Hata leo kanga huuzwa kwa doti, na wengi wainunuao hawajui kwamba wanatamka kipimo cha misafara.

Njombe ilizipokea nguo hizi kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa misheni. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika katika nyanda za kusini katika miaka ya 1890, na pamoja na kitabu na shule wakaleta gauni, sindano na wazo kwamba nguo iliyoshonwa ndiyo nguo ya ustaarabu. Mlango wa pili ulikuwa mkonge. Wakati wa utawala wa Waingereza wilaya ya Njombe ilikuwa mojawapo ya chemchemi kubwa za vibarua. Wanaume walisafiri hadi Tanga na Morogoro kukata mkonge, na wake wakabaki na jembe na watoto. Nguo ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo ujira ule ulinunua. Tuangalie tofauti iliyopo hapa. Mume aliyekaa mbali miezi mingi angeweza kununua doti ya kanga bila kuogopa, kwa kuwa kanga haikuuliza mke amekuwaje tangu alipoondoka. Gauni lingeuliza.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, na Azimio la Arusha likafuata mwaka 1967, nguo ikawa jambo la taifa. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na kanga na vitenge vya pamba yetu vikaanza kutoka katika mitambo yetu. Mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Mengi yamesemwa juu ya operesheni hiyo, na karibu yote yanahusu wasichana wa mjini. Mama wa shambani hakuguswa, kwa kuwa tayari alikuwa amevaa alichotakiwa kuvaa. Lakini kutoguswa si sawa na kusikilizwa. Katika mabishano yale mwili wa mwanamke ulijadiliwa kama aibu au kama fahari ya taifa. Haukujadiliwa kama mwili unaoinama, unaonyonyesha na unaosikia baridi.

Kisha ikaja dhiki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, bidhaa za viwandani ziliadimika nchini kote, na doti ya kanga ikawa kitu cha kupangiwa foleni. Serikali ilipoanza kulegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984, mitumba iliingia kwa wingi. Hapo ndipo Makambako ilipopata nafasi yake. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa imekwisha kutiwa lami. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilikuwa imekabidhiwa mwaka 1976 na ina stesheni hapo. Na barabara ya lami ya kwenda Njombe hadi Songea ilikamilika katika miaka hiyohiyo ya 1980. Robota la nguo lililoshushwa Makambako liliweza kuelekea pande zote.

Yafaa tuwe waadilifu kwa mitumba. Kwa mama wa Njombe mitumba ilileta sweta na koti, ambavyo pwani haikuwahi kumpa, na ilivileta kwa bei aliyoimudu. Lakini ilileta pia kitu kipya kiitwacho saizi. Nguo sasa ilikuwa na namba, na namba hiyo ilikuwa imeamuliwa kabla mvaaji hajajulikana. Namba hizo zina historia yake. Mwaka 1939 na 1940 serikali ya Marekani iliwapima wanawake wapatao 15,000 ili kutafuta vipimo vya kawaida vya nguo. Matokeo yalichapwa mwaka 1941, na mwaka 1958 yakawa msingi wa kanuni ya saizi kwa wenye viwanda. Vipimo vya wanawake wasio weupe havikutumiwa katika hesabu ile. Kanuni hiyo ilifutwa baadaye, na kila kampuni ikawa na namba zake, lakini desturi yenyewe ilibaki. Basi mama anayesimama mbele ya genge la mitumba Makambako, akajaribu gauni likamkataa nyongani, kisha akasema kwamba amenenepa vibaya, anahukumiwa kwa hesabu ambayo hakuwamo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nasi twaweza kuongeza kwamba kipimo cha kuazima hakisitiri hata moyo.

Aliyemwokoa ni fundi cherehani. Katika baraza za maduka ya Njombe na Makambako, kazi ya fundi ni nusu kushona na nusu kusahihisha. Gauni la mtumba hufumuliwa ubavuni na kutiwa kipande cha kitenge, na kipande hicho, kikiwa cha rangi iliyokoza, huupa ubavu umbo la kupendeza. Sketi hutiwa lastiki kiunoni. Nguo mpya ya kitenge hukatwa kwa akiba, yaani kitambaa cha ziada huachwa ndani ya mshono ili mwakani iweze kufunguliwa. Kifua huwekwa vifungo mbele kwa ajili ya kunyonyesha. Mfuko huwekwa pale mkono unapofika. Urefu hukomea chini ya goti, ili mama ainame shambani bila hofu na pindo lisizoe udongo mwekundu. Dera nalo, vazi pana ambalo asili yake hunasibishwa na Wasomali, limepanda kutoka pwani, nalo huku huvaliwa pamoja na sweta juu na kitenge kiunoni. Hapo twaona pwani, misheni, kiwanda na mtumba vimekutana katika mwili mmoja, na mwili huo ndio unaovipanga.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika ya Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuzinyima nchi hizo nafuu ya soko lake. Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikapoteza nafuu hiyo kwa nguo zake, na nchi nyingine, Tanzania ikiwa mojawapo, zikarudi nyuma. Mabishano yote yalikuwa juu ya viwanda, ajira na ushuru, na hayo ni mambo makubwa. Lakini hata kama kila nguo ingeshonwa nchini, kiwanda kitakachoiga jedwali la vipimo vya ng'ambo kitamweka mama wa Njombe palepale alipowekwa na mtumba. Bendera iliyoshonwa katika lebo haitanui nyonga za gauni.

Kwa hiyo atakayeandika historia ya nguo katika nchi hii asiishie katika bandari na kiwanda. Na aende pia barazani kwa fundi, akatazame utepe wake wa kupimia, kwa maana ndipo penye kumbukumbu ya mkono, shuka na doti. Hapo mama hupimwa kwanza, na nguo hukatwa baadaye. Na katika mpangilio huo wa mambo mawili umo uadilifu ambao miaka mia moja na hamsini ya biashara haijaweza kuufuta.