Tenda si siku moja: historia fupi kwa watu wa Meru na Embu

1/ Mradi ukikwama hapa Meru ama Embu, swali la kwanza ni "nani alikula?" Ni swali halali. Shida ni kwamba tukimuuliza mtu asiyehusika, aliyehusika analala usingizi mzuri. Tuelewane hatua za tenda, na zilitoka wapi.

2/ Enzi za mkoloni, vitu vingi vya serikali vilinunuliwa Uingereza kupitia Crown Agents. Baada ya uhuru tuliendesha ununuzi kwa nyaraka na miongozo ya Hazina, si kwa sheria yake yenyewe iliyopitishwa na Bunge.

3/ Kanuni za 2001 zikaleta bodi ya kusikiza malalamishi ya wazabuni. Sheria ya 2005 ikaanza kazi Januari 2007. Katiba ya 2010, kifungu cha 227, ikataka ununuzi uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Kaunti zikaja 2013. Sheria ya sasa ni ya 2015, ilianza Januari 2016.

4/ Sheria hiyo imegawa kazi makusudi, ndio mkono mmoja usishike kila kitu:
- mpango wa ununuzi wa mwaka
- tangazo la zabuni
- kamati ya tathmini (siku 30, zisizidi)
- maoni ya mkuu wa ununuzi
- uamuzi wa afisa mhasibu
- barua kwa mshindi NA walioshindwa
- mkataba
- ukaguzi na kupokea kazi
- malipo

5/ Kwa kaunti, afisa mhasibu ni afisa mkuu wa idara. Si gavana, na MCA hakai kamati ya tathmini. Hiyo haimaanishi wako safi. Simu kutoka juu haiachi karatasi, lakini sahihi inaacha. Anzia kwa sahihi.

6/ Baada ya ile barua, mkataba hausainiwi kabla siku 14 kuisha. Hapo aliyeshindwa anaweza kwenda bodi ya rufaa, nayo ina siku 21 kuamua. Kwa hivyo si kila kuchelewa ni hujuma. Mkataba ukisainiwa siku ya tatu, hapo ndio upige kelele.

7/ Meru iliandaa Madaraka 2018 uwanjani Kinoru. Embu ikaandaa 2023. Juni 1 haibadiliki, lakini mahali hubadilika, na kazi hufanywa mbio mbio. Sisemi kuna mtu aliiba. Nasema haraka ndiyo hubana hatua, kwa hivyo ndiyo wakati wa kuuliza zaidi.

8/ Hatua inayosahaulika sana ni ukaguzi. Kisima kikilipiwa na hakina maji, kuna kamati iliyosaini kwamba kazi imekamilika. Tunapigana juu ya nani alipewa tenda, hatuulizi nani aliipokea.

9/ Kwa baraza ijayo, uliza: Ilikuwa kwa mpango wa mwaka? Tangazo liko wapi? Nani alisaini kupokea? Wakikataa, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu.