Seti ya Vipande na Fundi Mpya: Historia ya Uchaguzi wa Gobore la Kujiundia Nchini Marekani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya seti za vipande vya magobore zinazouzwa nchini Marekani kwa watu wanaotaka kujiundia bunduki ya kushindilia kwa mara ya kwanza. Wapo wanaoziona seti hizo kuwa dalili ya kuporomoka kwa ufundi wa kale. Makala yanapinga mtazamo huo kwa kuonyesha kwamba fundi wa kale naye alinunua baadhi ya vipande vyake. Hivyo, fundi mpya hana haja ya kujiuliza kama anunue vipande au la; ajiulize anunue vipi, na kazi ipi ajibakizie.

1. Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa zana hii. Gobore ni bunduki inayotiwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, kisha ikashindiliwa kwa mdeki. Gumegume huwashwa kwa cheche za jiwe. Gobore la fataki huwashwa kwa kikofia kidogo chenye kemikali inayolipuka kinapogongwa na nyundo. Msamiati huu ni urithi wa karne ya 19, wakati bunduki za namna hiyo zilipopitia Zanzibar na kuingia bara pamoja na misafara. Hata hivyo, gobore linalojadiliwa hapa lina sifa ya ziada: ndani ya mtutu wake mna michirizi inayoizungusha risasi ili iende mbali bila kupotoka.

2. Fundi wa kale na vipande vya kununua

Bunduki ndefu ya Pennsylvania ilichipuka katika karne ya 18 mikononi mwa mafundi wenye asili ya nchi za Kijerumani. Walianzia kwenye bunduki fupi na nene ya wawindaji wa kwao, wakarefusha mtutu, wakapunguza kipenyo cha risasi, na wakatumia mti wa mepo kwa kitako. Simulizi maarufu humchora fundi huyu akiwa peke yake karakanani, akifua kila kipande kwa mkono wake.

Ushahidi wa bunduki zenyewe unasema vingine. Mitambo mingi ya kuwashia iliagizwa kutoka Uingereza na Ujerumani, kwa kuwa springi na vyuma vyake vidogo vilihitaji utaalamu wa pekee, na kuvinunua kulikuwa nafuu kuliko kuvifua. Kadiri karne ya 19 ilivyosonga mbele, hata mitutu ilizidi kununuliwa kutoka kwa watengenezaji maalumu. Kazi iliyombainisha fundi ilikuwa kuvipatanisha vipande hivyo: kuchimba makao ya mtutu na mtambo ndani ya mti, kulipa umbo gobore zima, na kulipamba.

Ufundi wa kufanya yote kwa mkono mmoja uliwezekana, lakini haukuwa kawaida ya soko. Filamu iliyotolewa na taasisi ya Colonial Williamsburg mwaka 1969 ilimwonyesha Wallace Gusler akiunda bunduki kwa zana za karne ya 18, akianza na kuufua mtutu kutokana na chuma. Filamu hiyo ni hazina kwa mtafiti. Hata hivyo, ikichukuliwa kuwa kipimo cha kila fundi wa kale, itapotosha.

3. Kuzaliwa kwa seti

Mwaka 1933 kiliundwa chama cha kitaifa cha wapenzi wa magobore, na mwaka 1954 Turner Kirkland alianzisha Dixie Gun Works huko Union City, Tennessee, akiuza magobore na vipande vyake. Sheria ya kudhibiti silaha ya mwaka 1968 ilizitenga bunduki zilizoundwa mwaka 1898 au kabla yake, pamoja na nakala zake zisizotumia risasi za kisasa. Kwa mujibu wa sheria hiyo ya shirikisho, gobore halikuhesabiwa pamoja na silaha za kawaida, ingawa majimbo yaliweza kuweka masharti yake.

Mwaka 1970 kampuni ya Thompson/Center ilitoa gobore lililoitwa Hawken, ambalo liliuzwa pia kama seti. Filamu ya Jeremiah Johnson ya mwaka 1972 na maadhimisho ya miaka 200 ya uhuru mwaka 1976 yaliongeza hamu ya umma.

Hapa pana ulinganisho unaomhusu mtafiti wa Afrika Mashariki. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mwanya kwa magumegume yasiyo na michirizi na baruti ya kawaida. Sheria zote mbili zilitumia ukale wa teknolojia kama mpaka. Tofauti ni kwamba Mmarekani wa mwaka 1970 aliuchagua ukale huo kwa mapenzi yake, ilhali Mwafrika wa mwaka 1890 aliwekewa ukale huo na dola zilizotaka kumtawala.

4. Vigezo vya uchaguzi

Historia hii inatoa vigezo vitatu. Cha kwanza ni uaminifu wa seti kwa asili yake. Ndugu Jacob na Samuel Hawken wa St. Louis waliunda bunduki nzito zenye mapambo ya chuma kwa ajili ya safari za magharibi. Nakala ya mwaka 1970 ilikuwa na mtutu mfupi zaidi, mapambo ya shaba na springi ya kujisokota. Ni zana nzuri ya kuwindia, lakini jina lake lisichukuliwe kuwa ushahidi wa umbo la kale.

Cha pili ni kiasi cha kazi iliyobaki. Kuchimba makao ya mtutu ndipo wanaoanza huharibu mti. Seti ambayo makao hayo yamekwisha kuchimbwa humwachia kazi ya tupa, patasi na msasa, nayo inatosha kumfunza mengi. Gobore ambalo mti wake unafika nusu tu ya mtutu pia ni jepesi kwake kuliko lile ambalo mti wake mwembamba unafika mdomoni.

Cha tatu ni mtambo na usalama. Mtambo uliokwisha kuunganishwa na mtutu uliokwisha kuzibwa nyuma na mtengenezaji ndivyo vinavyomfaa, kwani kosa la hapo humdhuru mpigaji mwenyewe. Fataki ni rahisi kuielewa. Gumegume hudai jiwe kali, chuma kigumu cha kutolea cheche, na tundu la moto lililokaa mahali pake.

5. Hitimisho

Anayenunua mtambo na mtutu, kisha akatoa jasho kwenye mti, hajaukwepa ufundi. Amesimama karibu na pale alipokuwa fundi wa Pennsylvania. Seti inayofaa kwa mwanzo ni ile inayomwachia kazi ya kupatanisha vipande, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha ufundi wenyewe.