Alama za Bliss: sauti ya watoto wasioweza kutamka

Leo tuache programu kidogo turudi Toronto, Kanada, mwaka 1971. Mwalimu Shirley McNaughton na wenzake walikuwa na wanafunzi wenye mtindio wa ubongo. Walielewa mengi, ila ulimi haukutii na mkono haukushika kalamu. Picha walizopewa zilitosha kuomba maji, si kueleza hofu.

Katika kutafuta wakakuta kitabu cha Charles Bliss cha mwaka 1949. Bliss alikuwa mhandisi wa kemia, Myahudi aliyefungwa Dachau na Buchenwald. Alipokimbilia Shanghai, maandishi ya Kichina yakampa wazo la alama ambazo mtu wa lugha yoyote angezielewa. Baadaye alihamia Australia, ambako wachache sana walimjali.

Alama zake huungana. Moyo na mshale wa juu ni furaha. Mshale wa chini, huzuni. Mtoto anaonyesha kwa kidole au kwa macho, na sentensi inapatikana.

Bliss alifurahi, kisha akakasirika: walimu walikuwa wakibadilisha alama zake! Ugomvi ukaendelea hadi makubaliano ya leseni ya mwaka 1982.

Sisi waandika programu tunaujua ugomvi huu. Mwenye kazi ana haki yake, lakini mtoto anayetaka kusema "naogopa" hawezi kungoja mawakili. Leo mtaalamu wa tiba ya usemi akimpa mwanafunzi tableti inayotamka, leseni ya programu ile ni sehemu ya sauti ya mtoto.

Je, wewe ungeandika leseni gani?