Baku 1926: Herufi na Walimu

Mwaka 1926 wataalamu wa lugha za jamii ya Kituruki walikutanika mjini Baku, na kwa kura nyingi wakaunga mkono herufi za Kilatini badala ya hati ya Kiarabu. Miongoni mwao walikuwamo Bekir Çobanzade, Mtatari wa Krimea aliyepata udaktari wake Budapest, na Aleksandr Samoylovich wa Leningrad. Utawala wa Stalin ulimwua Çobanzade mwaka 1937 na Samoylovich mwaka 1938. Punde Waazerbaijani wakalazimishwa kuandika kwa herufi za Kirusi. Herufi huweza kurudishwa: Azerbaijan ilirudia Kilatini mwaka 1991. Lakini mwalimu aliyeuawa harudi, na tasnifu alizokuwa aongoze haziandikwi. Basi elimu ya lugha yalindwa kwanza kwa kuwalinda walimu wake.